Kibaba cha Kumpimia Jirani

Mwezi wa Mei, wakati mpunga wa Bonde la Kilombero umekwisha kugeuka rangi na ndege wameanza kuwatesa wakulima, tulialikwa kusikiliza mdahalo wa wanafunzi wa sekondari huko Chita, chini ya milima ya Udzungwa. Hoja iliyoandikwa ubaoni ilikuwa hii: Maisha ya Mkenya ni bora kuliko maisha ya Mtanzania. Watetezi wa hoja walisimama mmoja mmoja, wakataja maghorofa ya Nairobi, viwanda vya Thika, huduma ya kutuma fedha kwa simu iliyoanzia kwao mwaka 2007, na Kiingereza wanachokizungumza bila kigugumizi. Wapinzani wakajibu kwa kutaja utu wetu, umoja wetu, Kiswahili chetu, Mlima Kilimanjaro na mbuga ya Serengeti. Kura zikapigwa, watetezi wakashinda, wapinzani wakanung'unika, kengele ikalia, watu wakatawanyika.

Jambo moja tu ndilo lililotubakia akilini. Kabla ya kura, mwenyekiti alipofungua nafasi ya maswali, msichana mmoja aliyeketi nyuma alisimama akauliza: "Huyo Mkenya anayesemwa hapa ni nani? Na huyo Mtanzania, je, ni baba au ni mama?" Ukumbi uliangua kicheko. Mwenyekiti alimwambia aketi, kwani swali lake liko nje ya hoja. Baadaye mwalimu wake alitueleza kwamba msichana huyo alikuwa amerudi shuleni juma lile lile, baada ya kukosa masomo kwa majuma kadhaa. Alikuwa shambani pamoja na mama yake na wadogo zake, katika dungu, wakiamia ndege.

Sisi tunasema kwamba swali lile halikuwa nje ya hoja. Lilikuwa ndiyo hoja yenyewe, na mengi yaliyosemwa kabla yake na baada yake yalikuwa porojo. Tunaandika makala haya kulitetea, na kuwalaumu, bila kuwataja kwa majina, wale wote walioifundisha nchi yetu namna mbaya ya kujilinganisha na jirani: baadhi ya wanasiasa, baadhi ya waandishi wa magazeti, na, tusijifiche, sisi walimu.

Ubishi huu hawakuuzua wanafunzi wa Chita. Waliurithi kwetu. Mwaka 1965 serikali ya Kenya ilitoa Waraka Namba 10 juu ya ujamaa wa Kiafrika, ambao licha ya jina lake uliwafungulia mlango wenye mali na mitaji ya kigeni. Mwaka 1967 sisi tulitangaza Azimio la Arusha. Tangu hapo nchi mbili zilizotawaliwa na Mwingereza yule yule, zilizopata kutumia shilingi moja na shirika moja la reli, zikawa kama ndugu waliogawana shamba la baba yao, kila mmoja akichungulia ng'ambo ya boma ili aone kama mahindi ya mwenzake yamekauka. Huku tukasema kwamba kule mtu anamla mtu. Kule wakajibu kwamba huku mtu hana cha kula. Kila upande ulicheka upesi kuliko ulivyofikiri. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka ukafungwa, na haukufunguliwa mpaka mwishoni mwa mwaka 1983.

Tulio na umri wa kutosha tunaikumbuka miaka ile vizuri mno. Tulipanga foleni ya sukari na ya sabuni. Aliyebahatika kupata vyote viwili kwa siku moja alisimuliwa mtaa mzima. Sabuni na mafuta ya kupikia vya Kenya vilipenya mpakani usiku, na wako walimu waliowahubiria wanafunzi asubuhi juu ya ubaya wa ubepari, jioni wakaogea sabuni ya magendo. Lakini ni miaka ile ile ambayo mtoto wa mkulima wa Mlimba na wa Malinyi aliingia darasa la kwanza bila kuulizwa baba yake ana nini, baada ya elimu ya msingi kufanywa ya watu wote mwaka 1977, na ambayo bibi zetu walijifunza kuandika majina yao kwa chaki chini ya miembe. Na upande wa pili, katika nchi iliyojaa sabuni, mbunge J. M. Kariuki alionya kwamba Kenya isije ikawa nchi ya mamilionea kumi na maskini milioni kumi. Machi 1975 aliuawa. Basi ni nani kati yetu aliyekuwa akiishi vizuri? Jibu lilitegemea, na bado linategemea, uliyemwuliza.

Tuzitazame tarakimu, kwa kuwa wapenda ubishi wanazipenda. Katika taarifa ya maendeleo ya watu iliyotolewa na Umoja wa Mataifa mwaka 2024, Kenya iliwekwa katika nafasi ya 146 duniani na Tanzania katika nafasi ya 167. Anayeishia hapo huona mambo yamekwisha, akafunga kitabu. Lakini kipimo kile kimesokotwa kwa nyuzi tatu, yaani umri wa kuishi, elimu na kipato, na mwenye subira ya kuzisokotoa atakuta jambo la ajabu. Katika taarifa ile ile Mtanzania anatazamiwa kuishi miaka karibu 67, na Mkenya miaka 62. Kenya imetutangulia kwa miaka ya shule na kwa fedha. Sisi tumeitangulia kwa uhai wenyewe. Mwanafunzi aliyetoa hoja ubaoni hakuambiwa habari hiyo na mtu yeyote, wala mpinzani wake aliyekuwa akitafuta silaha hakuambiwa pia, akabaki kujikinga kwa Mlima Kilimanjaro, ambao hata hivyo hatukuuumba sisi.

Wapenda kujisifu wasishangilie upesi. Uchunguzi wa afya uliofanywa katika nchi zote mbili mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 wa Kenya wenye umri chini ya miaka 5, watoto 18 walikuwa wamedumaa. Kwetu walikuwa 30. Takribani robo tatu ya Wakenya walikuwa na umeme mwaka ule. Kwetu hawakufika nusu. Na kuhusu usawa, ambao tulizoea kuutaja kana kwamba ni mali yetu ya urithi, vipimo vya Benki ya Dunia vya miaka ya karibuni havionyeshi kabisa kwamba tofauti ya aliye nacho na asiye nacho ni ndogo kwetu kuliko kwao. Azimio ni jambo la kujivunia, lakini mtu hawezi kula mwaka huu chakula alichokipika mwaka 1967.

Kwa hiyo kambi zote mbili za mdahalo wetu zinaanguka. Ile inayosema "Wakenya wametuacha" inaugua kasumba ya zamani, kasumba ya kudhani kwamba maendeleo ni kitu kinachoonekana kutoka dirisha la basi. Ile inayojibu "Sisi tuna utu" inatumia neno tukufu kama blanketi la kufunikia mtoto mwenye njaa ili wageni wasimwone. Ya kwanza ni wivu na ya pili ni majivuno, na katika mambo haya wivu na majivuno ni mtu na nduguye: wote wawili hawataki kuingia ndani ya nyumba.

Wala tarakimu za taifa zima haziingii ndani ya nyumba. Mwaka 2014 Kenya ilibadili namna ya kukokotoa pato lake, na kwa siku moja pato hilo likaongezeka kwa robo nzima. Hakuna mama wa Kilifi aliyeamka siku ile akakuta unga umeongezeka mtungini. Nasi tulipotangazwa Julai 2020 kuwa tumeingia katika kundi la nchi zenye kipato cha kati, zilipigwa ngoma. Hatukumwona mtu aliyekwenda kuuliza kama habari imefika Chita. Katika uchunguzi ule ule wa mwaka 2022, watoto waliodumaa huko Kilifi, mwambao wa Waswahili, walikuwa 37 katika kila 100, yaani zaidi ya mara mbili ya wastani wa Kenya. Mkoa wetu wa Iringa, ambao uko upande wa pili wa milima ile ile ya Udzungwa inayoitazama Chita, ulikuwa wa kwanza nchini kwa udumavu: watoto 57 katika kila 100. Njombe na Rukwa ikafuata. Hiyo si mikoa ya ukame. Ndiyo mikoa ya mahindi, ya maharage, ya viazi. Ndiyo ghala la taifa. Msomaji na aisome sentensi hiyo mara mbili. Watoto wanaodumaa kuliko wote ni watoto wa nyumba zinazotulisha sisi sote.

Jambo kama hilo halielezwi kwa kulinganisha Nairobi na Dar es Salaam. Basi na tuiache miji hiyo miwili na fahari zake, tuchukue mkulima wa mpunga wa kule na mkulima wa mpunga wa huku, tuwapime kwa kibaba kimoja.

Kule tumtafute Mwea, katika kaunti ya Kirinyaga, kusini mwa Mlima Kenya. Mradi wa mpunga wa Mwea ulianzishwa katika miaka ya 1950, wakati wa vita vya Mau Mau, na mifereji yake ya kwanza ilichimbwa kwa mikono ya mahabusu. Baada ya uhuru ukawekwa chini ya Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji. Kila familia ilipewa ekari 4 za majaruba, ikapewa maji ya mito ya Thiba na Nyamindi, trekta, mbolea na soko. Wataalamu wa dunia walikuja kuutazama na wakausifu kwamba ni mmoja wa miradi michache ya umwagiliaji katika Afrika iliyofaulu. Na kwa hesabu za daftari ulifaulu kweli: mavuno yalikuwa mengi, deni lililipwa, na mkulima alishika fedha ambazo jirani yake wa mlimani hakuziona. Kwa kibaba cha mdahalo wetu, mtu wa Mwea alikuwa ameshinda.

Lakini mwaka 1973 kilichapishwa kitabu cha utafiti juu ya Mwea, na ndani yake imo sura moja juu ya wanawake na uchumi wa nyumba. Watafiti wake waliingia jikoni. Wakakuta kwamba fedha za mpunga zinalipwa kwa mwenye leseni, naye aghalabu ni mume. Wakakuta mke akifanya kazi katika majaruba ya mume kwa saa nyingi kuliko alivyolima kwao, na bustani ya mahindi na maharage aliyozoea kuitegemea kwa chakula cha watoto imekuwa ndogo, au iko mbali, au haipo. Kuni, ambazo kwao aliziokota, hapo zilinunuliwa, naye hana fedha ya kuzinunua mpaka aombe. Mpunga aliopewa na mumewe kama ahsante ya jasho lake ndio aliouuza kichinichini apate chumvi na mafuta ya taa. Nyumba ilikuwa tajiri, na mwenye kuilisha alikuwa maskini. Tunapenda sana kuwauliza watetezi wa hoja: yupi kati ya hao wawili ndiye "Mkenya" wenu?

Na mume naye hakuwa bwana. Alikuwa mpangaji katika ardhi aliyoilima kwa miaka mingi. Alitakiwa kupeleka mpunga wake kwa Bodi, ila kiasi cha kula tu, na akikiuka masharti aliweza kunyang'anywa majaruba. Mwaka 1998 uvumilivu uliwaisha. Wakulima waligoma, wakaupeleka mpunga kwenye ushirika wao wenyewe, na katika mapambano yaliyofuata damu ilimwagika. Hatusemi kwamba Mwea ni jehanamu. Mchele wake wa pishori unasifiwa Kenya nzima, na bwawa la Thiba, lililokamilika mwaka 2022, limewaongezea maji. Mkulima wa Chita angetoa mengi apate mfereji mmoja wa namna ile.

Huyu wa Chita tumtazame sasa. Yeye si mpangaji wa bodi yoyote. Ardhi yake ni ya kijiji, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na ya mwanamume ya kuimiliki. Mavuno yake huyauza kwa amtakaye. Hapa mpinzani wa hoja angepiga makofi. Tunamsihi asipige kwanza. Mkulima huyu, isipokuwa wachache, anategemea mvua, nayo mvua ya Kilombero ikizidi hugeuka mafuriko na ikipungua huacha mpunga ukipasuka midomo. Ana kambi kubwa ya Jeshi la Kujenga Taifa jirani yake, yenye mashamba makubwa ya mpunga, na huko Mngeta ana shamba kubwa lililofunguliwa mwaka 1986 kwa ubia wa serikali yetu na Korea ya Kaskazini, ambalo tangu hapo limebadilisha mikono. Trekta anaziona kila siku. Yeye ana jembe.

Mashamba yako mbali bondeni. Msimu ukianza, familia nyingi huhama nyumba zao kijijini zikaenda kukaa shambani kwa miezi, katika madungu ya miti na nyasi, ili kuulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Mtu wa mjini akiliona dungu kwa mbali hulipiga picha. Ndani yake yumo mama anayepika kwa kuni mbichi, wamo watoto walioacha daftari kijijini, na wamo mbu wa bonde hili, ambao wanasayansi wamewatungia vitabu.

Njaa huja kabla ya mavuno, Januari na Februari. Ndipo anapofika mnunuzi. Hanunui mpunga, maana mpunga bado ni majani. Ananunua shamba lililosimama, kwa bei anayoitaja yeye, na mwenye nyumba anakubali kwa sababu mtoto anaharisha au ada ya fundi cherehani wa sare haijalipwa. Mavuno yakitoka, sehemu imekwisha kuwa ya mtu mwingine. Sehemu inayobaki huuzwa Juni na Julai, kila mtu anapouza na bei imelala chini, tena kwa lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba cha debe zima juu yake. Sheria ya vipimo inaikataza lumbesa. Tuliliona gunia la namna hiyo likipakiwa mchana kweupe, mwenye mpunga akimsaidia mpakizi kulisukuma. Kisha Februari inarudi, na aliyeuza mchele ananunua mchele. Kwa hiyo uhuru wa kuuza kwa amtakaye, ambao mtu wa Mwea aliumwagia damu, huku umekuwa mara nyingi uhuru wa kuuza kwa anayewahi kufika.

Hali kadhalika umeme. Bonde hili linatoa umeme wa taifa katika sehemu mbili: Kidatu, tangu mwaka 1975, yenye uwezo wa megawati 204, na Kihansi, hapo hapo milimani juu ya Chita, megawati 180, iliyozinduliwa mwaka 2000. Maji ya Udzungwa yanawasha taa na majokofu ya Dar es Salaam. Tukiwa tunalizungumzia Kihansi, tunaomba ruhusa ya kuchepuka kidogo. Maporomoko yalipopunguziwa maji, chura mdogo wa rangi ya dhahabu, asiyepatikana mahali pengine popote ulimwenguni, alikuwa hatarini kutoweka kwa kukosa manyunyu. Mwaka 2000 vyura karibu 500 walisafirishwa kwa ndege hadi Marekani wakatunzwe, na korongoni kwao yakatandazwa mabomba ya kuwanyunyizia maji. Hatumwonei chura wivu. Naye ni kiumbe cha nchi yetu, na tunafurahi kwamba mwaka 2012 baadhi walirudishwa kwao. Tunasema tu kwamba waliomhudumia chura walifanya jambo la maana ambalo sisi hatujamfanyia mama wa dunguni: walimchunguza yeye mwenyewe, mahali anapoishi, wakauliza anahitaji nini ili asife. Hawakuuliza kama vyura wa Tanzania ni bora kuliko vyura wa Kenya.

Yako mema, na yasemwe. Ile miaka 67 ya kuishi haikudondoka kutoka mbinguni, na sehemu yake ilitafutwa katika bonde hili hili. Ifakara ilikuwa na maabara ya utafiti wa magonjwa tangu mwaka 1957, iliyoanzishwa na Waswisi, ambayo baadaye ilikuwa taasisi ya Watanzania. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vyandarua vyenye dawa vilianza kuuzwa kwa bei nafuu vijijini Kilombero na Ulanga, kwa jina la Zuia Mbu, na utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba vilikuwa vimeongeza uhai wa watoto wadogo kwa asilimia 27. Nguo ya matundu, isiyopigwa picha na mtalii yeyote! Katika mdahalo mzima wa Chita, mwendo mfupi tu wa treni kutoka Ifakara, hakuna aliyeitaja. Watoto wale wamelala ndani ya sababu mojawapo ya maisha yao, asubuhi wakaenda kuitafuta Nairobi.

Tena tuliwahi kujua namna ya kupima. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi, wakisikiliza redio, kisha wakitoka kwenda kuhesabu vyoo na madimbwi ya kijiji chao wenyewe. Na miaka ile ya foleni za sabuni, kuanzia mwaka 1983, mkoani Iringa, katika vijiji 168, watoto walipimwa uzito kila baada ya miezi michache. Matokeo yakasomwa mbele ya halmashauri ya kijiji, na wazee wakalazimika kujibu kwa nini mtoto wa fulani amepungua: ni ugonjwa, ni kukosa chakula, au ni mama kukosa wakati wa kumlisha kwa sababu ya kazi za shamba? Mpango ule ulisaidiwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa, na utapiamlo mkali ulipungua sana. Nchi ilikuwa haina sabuni, lakini ilikuwa na mizani. Leo maduka ya Iringa mjini yamejaa sabuni za kila rangi, na tarakimu ya watoto wake tumekwisha kuitaja.

Watakuwapo wasomi watakaotuambia kwamba tunawakataza vijana kulinganisha mataifa. La hasha. Tunataka walinganishe zaidi, tena kwa ukali zaidi. Wale 18 wa Kenya na 30 wetu ni tofauti inayotupasa kuona haya, na mwalimu anayeificha ili kulinda heshima ya taifa anafanya kazi ya mganga anayemficha mgonjwa ugonjwa wake. Lakini zamani, moto ukizimika jikoni, mtu alikwenda kwa jirani kuomba kaa. Hakwenda kumhesabia sufuria zake akarudi nyumbani ama analia ama anamcheka. Tuwaulize Wakenya walifanyaje hata umeme ukawafikia watu wengi vijijini. Nao, wakipenda, na watuulize habari za vyandarua na za mizani ya Iringa. Yule mama wa Mwea na huyu wa Chita wangekutana wangeelewana kwa nusu saa, tena kwa Kiswahili, na hakuna hata mmoja wao ambaye angefikiri kuuliza nani kashinda.

Tulimshauri mwalimu wa Chita abadili hoja ya mdahalo unaofuata. Iandikwe: Mpunga wa Chita unawanufaisha watu wa Chita. Akakubali, tena akaongeza jambo ambalo sisi hatukulifikiria: kila mwanafunzi aje na hesabu ya nyumbani kwao, magunia mangapi yalivunwa mwaka uliopita, mangapi yaliuzwa na mwezi gani, na ghalani ilibaki nini ilipofika Februari. Tulirudi kusikiliza. Wavulana kwa wasichana walileta hesabu ya magunia yaliyovunwa, na wengi walileta hesabu ya yaliyouzwa, maana baba zao waliijua kwa kichwa. Safu ya tatu katika madaftari ilikuwa tupu karibu darasa zima. Mwalimu aliuliza sababu. Wakasema baba hakukumbuka. Yule msichana wa swali peke yake alikuwa ameijaza, kwa penseli, na alipoulizwa amepata wapi, alisema amemwuliza mama. Mwalimu akawarudishia wengine madaftari yao, akawapa siku tatu.